Rowan Atkinson, mtu aliye nyuma ya Mr. Bean: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaomtafuta mwigizaji huyu huandika "Mr. Bean" na kuishia hapo. Si ajabu, kwa sababu ndiye tuliyemwona utotoni: koti la kahawia, tai nyembamba nyekundu, macho yametoka pima. Lakini nchini kwake Uingereza, Rowan Atkinson alipata umaarufu kwanza kwa ulimi, si kwa ukimya, na sehemu hiyo ya kazi yake haijawafikia wengi wetu. Majibu yafuatayo yanagusa pande zote mbili.

Jina lake kamili ni nani, na alizaliwa wapi?

Ni Rowan Sebastian Atkinson. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, katika mkoa wa Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Eric, alikuwa mkulima. Mama yake aliitwa Ella May. Rowan alikuwa kitinda mimba. Alisoma katika shule ya waimbaji wa kanisa kuu la Durham, ambako Tony Blair, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, naye alisoma miaka hiyohiyo. Baadaye alihamia shule ya St Bees.

Ni kweli kwamba yeye ni mhandisi?

Ni kweli. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Newcastle, kisha mwaka 1975 akaingia Queen's College, Oxford, kwa shahada ya uzamili katika fani hiyohiyo. Utafiti wake ulihusu mifumo ya udhibiti inayojirekebisha yenyewe. Alianza hata masomo ya uzamivu, lakini jukwaa likamvuta akayaacha.

Jambo hili huandikwa kama kituko, eti tazama, Mr. Bean ana digrii. Mimi naliona kwa namna nyingine. Ukitazama vichekesho vyake kwa makini utaona mkono wa fundi. Hakuna kitu kinachowekwa mezani bila kazi. Kila kitu kitarudi baadaye kuleta balaa. Nyusi hazipandi hovyo, zinapanda kwa sekunde yake. Mtu aliyezoea kupima na kurekebisha mitambo ndiye anayeweza kurudia mkao mmoja wa kichwa mpaka upate kuchekesha.

Oxford ilimpa kitu kingine kikubwa kuliko shahada: marafiki. Huko alikutana na Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtunzi wa muziki. Curtis ndiye aliyeshirikiana naye kuandika karibu kila kilichomjengea jina, na Goodall ndiye aliyetunga muziki wa Blackadder, tamthilia yao ya vichekesho ya BBC, na ule wimbo wa kwaya wa Kilatini unaosikika Bean anapodondoka kutoka juu ndani ya duara la mwanga.

Ana kigugumizi kweli?

Ndiyo, tangu utotoni, na amelizungumzia mwenyewe hadharani. Herufi B imemsumbua kuliko nyingine. Amesema pia kwamba anapovaa uhusika wa mtu mwingine, kigugumizi hupotea.

Njia aliyoitumia kukabiliana nacho ilikuja kuwa silaha yake. Badala ya kuikwepa herufi ngumu, anaikamata, anaibana midomoni, kisha anaiachia kwa nguvu kupita kiasi. Msikilize katika Blackadder anapomtamka mtumishi wake, "Bob" au "Baldrick": ile B inatoka kama imefyatuliwa, na watu wanacheka kabla sentensi haijaisha.

Nimesoma kwamba alikataliwa na kila kituo cha televisheni kwa sababu ya sura na kigugumizi, akakaa miaka mingi bila kazi. Je, ni kweli?

Hadithi hiyo huzunguka sana katika kurasa za kutia moyo, lakini hailingani na miaka yake. Mwaka 1979 alikuwa na umri wa miaka 24 tu, na tayari alikuwa na kipindi chake katika redio ya BBC na nafasi katika kipindi cha televisheni kilichokuja kutikisa nchi. Mwaka 1981 alifanya onyesho la peke yake katika majumba ya maigizo ya West End, London, na kupata tuzo ya Laurence Olivier, ya maonyesho ya jukwaani. Alipanda haraka kuliko wengi wa rika lake. Aliyehangaika na kigugumizi anastahili kuambiwa ukweli huo, kwa sababu ukweli wenyewe unatia moyo vya kutosha: hakusubiri kipone ndipo aanze kazi.

Alianzaje kwenye televisheni?

Kipindi kilichomtoa kiliitwa Not the Nine O'Clock News, kilichorushwa na BBC kuanzia 1979 hadi 1982. Kilikuwa cha vichekesho vifupi vifupi vya kukejeli siasa, habari na maisha ya kila siku. Aliigiza pamoja na Pamela Stephenson, Mel Smith na Griff Rhys Jones. Kwa kazi hiyo Atkinson alishinda BAFTA, tuzo ya filamu na televisheni ya Uingereza, mwaka 1981.

Blackadder ni nini, na kwa nini Waingereza wanaipenda kiasi hicho?

Hapa ndipo penye utajiri ambao mashabiki wengi wa Mr. Bean hawajauonja, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Blackadder ni tamthilia ya vichekesho ya BBC yenye misimu minne: 1983, 1986, 1987 na 1989. Kila msimu una vipindi sita, na kila mmoja uko katika zama tofauti za historia ya Uingereza. Wa kwanza unaanza mwaka 1485, mwishoni mwa enzi za kati. Wa pili uko katika baraza la Malkia Elizabeth I. Wa tatu uko katika nyumba ya mwanamfalme mjinga, mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19. Wa nne uko ndani ya mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1917. Katika kila zama Atkinson ni Edmund Blackadder, mzao mwingine wa ukoo uleule, na pembeni yake yuko Baldrick, mtumishi mchafu mwenye "mpango wa hila" usiofanikiwa kamwe, anayeigizwa na Tony Robinson. Wengine waliopita humo ni Hugh Laurie, Stephen Fry, Miranda Richardson na Tim McInnerny.

Msimu wa kwanza nusura uue kila kitu. Ulikuwa wa gharama kubwa, wenye farasi na mandhari za nje, na Blackadder mwenyewe alikuwa mpumbavu mwoga. BBC ilisita kuendelea. Ndipo mabadiliko mawili yalipofanywa. Atkinson aliacha kuandika, na Ben Elton akaungana na Curtis. Kisha karibu kazi yote ikarudishwa ndani ya studio ili kupunguza gharama. Blackadder akageuzwa kuwa mtu mwerevu kuliko wote waliomzunguka, mwenye ulimi wa wembe, aliyenaswa chini ya wakubwa wasio na akili. Uamuzi wa bajeti ukazaa kazi bora zaidi, maana bila farasi wala ngome walibaki na maneno tu, na maneno yalikuwa katika kinywa kinachoyaweza.

Kipindi cha mwisho kilirushwa tarehe 2 Novemba 1989. Msimu mzima Kapteni Blackadder amekuwa akitafuta namna ya kukwepa amri ya kutoka handakini kwenda kuikabili risasi. Safari hii hakuna ujanja uliobaki. Baldrick anasema ana mpango, na Blackadder anamjibu kwa upole usio wa kawaida yake, kisha anawatakia wenzake heri. Filimbi inapulizwa, wanapanda ngazi, wanakimbia. Picha inapunguzwa mwendo, na uwanja wa vita unageuka taratibu kuwa shamba la maua mekundu. Hakuna kicheko mwishoni. Sijui tamthilia nyingine ya vichekesho iliyothubutu kufunga hivyo na ikaaminika. Katika kura ya BBC ya mwaka 2004 ya kutafuta tamthilia bora ya vichekesho ya Uingereza, Blackadder ilishika nafasi ya pili.

Mr. Bean alipatikanaje?

Alianza kuumbwa Oxford, Atkinson alipokuwa mwanafunzi, na akaendelea kujaribiwa jukwaani kabla ya kuwa na jina. Atkinson amekuwa wazi kwamba alijifunza mengi kwa Jacques Tati, mchekeshaji wa Ufaransa aliyemwigiza Monsieur Hulot.

Jaribio moja linanivutia zaidi. Mwaka 1987 alialikwa kwenye tamasha la vichekesho la Just for Laughs huko Montreal, Kanada. Waandaaji walimpangia onyesho la Kiingereza, lakini yeye akaomba awekwe katika lile la Kifaransa, ingawa hakuwa na neno hata moja la Kifaransa katika mchezo wake. Walishangaa. Alitaka kuona kama mwili peke yake unaweza kumchekesha mtu asiyeelewa lugha yako. Ukicheka leo bila kusubiri tafsiri, unanufaika na jibu alilolipata usiku ule.

Kipindi cha kwanza kilirushwa na kituo cha televisheni cha ITV tarehe 1 Januari 1990, na mwaka huohuo kikashinda Waridi la Dhahabu, tuzo ya vipindi vya televisheni ya Montreux, Uswisi. Waandishi wakuu wa mfululizo walikuwa Atkinson mwenyewe, Richard Curtis na Robin Driscoll.

Kwa nini haongei?

Huongea kidogo sana, kwa sauti nzito ya kukwama kooni. Atkinson amemweleza Bean kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, na nadhani maelezo hayo yanatosha. Mtoto hahitaji kueleza. Anataka kitu, anakifuata, na aibu humjia akishagundua kwamba anatazamwa.

Chukua kile kipindi cha kwanza. Bean yuko katika chumba cha mtihani wa hisabati. Amesoma trigonometria, jirani yake anamwambia amejikita kwenye kalkulasi. Karatasi inatolewa: kalkulasi. Muda wote uliobaki Bean anajivuta, anajinyoosha, anachungulia kazi ya jirani, uso ukipita kutoka ujanja hadi kukata tamaa na kurudi tena. Muda ukiisha, msimamizi anatangaza waliofanya karatasi ya kalkulasi na waliofanya ya trigonometria. Bean anaingiza mkono ndani ya bahasha yake, na karatasi ya pili iko humo. Ilikuwamo tangu mwanzo.

Baada ya hapo yuko ufukweni, anataka kuvaa kaptula ya kuogelea bila kuvua suruali kwanza, kwa kuwa kuna bwana ameketi karibu. Anajipinda, anavuta, anafanikiwa kwa shida kubwa. Yule bwana anainuka na kuondoka akipapasa njia kwa fimbo nyeupe: ni kipofu. Utaona kwamba vyote viwili vimejengwa kwa namna moja. Tatizo halikuwapo, Bean ndiye aliyelileta na kulilea.

Vipindi vya Mr. Bean viko vingapi?

Vya uigizaji hai ni 15 tu, vilivyotengenezwa kati ya 1990 na 1995. Wengi hushtuka wakiambiwa, kwa sababu vimerudiwa mno hata vinaonekana kama mamia. Kimoja kati yao kilitoka kwanza kwenye kanda ya video kabla ya kuonyeshwa kwenye televisheni. Mfululizo wa katuni ulianza mwaka 2002, na sauti ya Bean humo ni ya Atkinson mwenyewe.

Lile gari lake dogo ni aina gani?

Ni Mini, rangi ya kijani cha limau, boneti nyeusi. Katika kipindi cha kwanza ilikuwa ya rangi ya machungwa. Mlango unafungwa kwa komeo na kufuli, na Bean akitaka uhakika zaidi anang'oa usukani na kuondoka nao. Ndani ya Mini hiyo amevaa nguo na kupiga mswaki akiwa njiani kwenda kwa daktari wa meno. Siku nyingine, baada ya kuijaza bidhaa za dukani mpaka akakosa pa kukaa, aliiendesha akiwa ameketi kwenye kochi juu ya paa, kwa kamba na ufagio. Ile gari ya bluu ya magurudumu matatu anayoisukuma na kuipindua kila mara ni Reliant. Kwa nini anaichukia hivyo, hakuna kipindi kinachoeleza.

Amecheza sinema gani?

Nyingi, zenye uzito tofauti. Mwaka 1983 alikuwa na nafasi ndogo katika filamu ya James Bond, Never Say Never Again. Mwaka 1994 alikuwa kasisi anayechanganya majina ya maharusi katika Four Weddings and a Funeral, na mwaka huohuo alimpa sauti ndege Zazu katika The Lion King. Sinema ya kwanza ya Mr. Bean, ya 1997, iliingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani. Ya pili ilitoka 2007. Katika Love Actually ya 2003 ni mwuza duka anayefunga zawadi polepole mpaka mteja anataka kulia.

Kisha kuna Johnny English, jasusi anayejiamini bila sababu: 2003, 2011 na 2018. Mhusika huyu alitokana na matangazo ya kadi ya benki aliyoyafanya Atkinson miaka ya 1990. Binafsi naziona ni za kuburudisha, lakini si mahali pa kumpima.

Amewahi kuigiza mambo yasiyo ya kuchekesha?

Ndiyo, na alifanya vizuri. Mwaka 2016 na 2017 alimwigiza Maigret, mpelelezi wa Paris, katika filamu nne za televisheni za ITV. Uso uleule unaojikunja kwa Bean hapa umetulia tuli, na unashangaa ni kiasi gani anaweza kusema bila kuusogeza.

Ni kweli aliwahi kuokoa ndege nchini Kenya?

Tukio lilitokea Machi 2001. Alikuwa likizo Kenya na familia yake, wakisafiri kwa ndege ndogo ya kukodi. Wakiwa angani rubani alizirai. Atkinson, ambaye hakuwa rubani, alishika usukani na kuiweka ndege hewani mpaka rubani alipozinduka na kuitua katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba alitua yeye, kama inavyoandikwa mara nyingi.

Na habari za magari ya kifahari?

Ni mpenzi mkubwa wa magari, na ana leseni ya kuendesha malori makubwa. Maarufu zaidi ni McLaren F1 aliyoinunua mwaka 1997. Mwaka 2011 aliteleza nayo huko Cambridgeshire, ikagonga mti na kushika moto. Yeye aliumia bega. Matengenezo yaligharimu kama pauni 900,000, akaendelea kuiendesha, na mwaka 2015 ikauzwa kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 8.

Ana mke na watoto?

Mwaka 1990 alimwoa Sunetra Sastry, aliyekuwa mpambaji wa waigizaji BBC. Walipata watoto wawili na wakaachana mwaka 2015. Mwenzi wake wa sasa ni mwigizaji Louise Ford. Ni mtu wa faragha, na ukurasa huu unaiheshimu faragha hiyo.

Nasikia alipambana na serikali kuhusu uhuru wa kusema.

Si mara moja. Katikati ya miaka ya 2000 alipinga mswada wa chuki za kidini kama ulivyoandikwa awali, akihofia kwamba ungefunga mdomo wa anayekosoa au kutania imani. Mwaka 2012 aliunga mkono kampeni ya kuondoa neno "kutusi" katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma ya mwaka 1986, ambacho kiliwapa polisi nafasi ya kumkamata mtu kwa maneno ya kuudhi tu. Bunge lilikubali kuliondoa mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2013 alitunukiwa CBE, nishani ya heshima ya Uingereza. Hapo ndipo unapokutana na mwanamume mtaratibu, mwenye hoja zilizopangwa, asiyefanana hata kidogo na Bean.

Je, amefariki?

Hapana. Uvumi wa kifo chake umeenezwa mtandaoni mara nyingi, kwa kawaida ukiwa na kiungo cha "kutazama video". Usikibonyeze, viungo vya aina hiyo hutumika kuiba taarifa za watu au kusambaza virusi vya kompyuta.

Ameachana na Mr. Bean?

Amekuwa akisema kwa miaka kwamba mtu mzima wa umri wake akijifanya mtoto huanza kusikitisha badala ya kuchekesha. Hata hivyo Bean amerudi mara moja moja. Kubwa kuliko zote ni usiku wa tarehe 27 Julai 2012, ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London, alipoketi katikati ya wanamuziki wa London Symphony Orchestra, wakiongozwa na Simon Rattle, akibonyeza noti moja ileile ya kinanda huku akichoka waziwazi. Dunia ilimtambua papo hapo.

Katika mahojiano ya 2021 alisema kwamba kumwigiza Bean kunamchosha na kumpa msongo wa mawazo, na kwamba kumpa sauti kwenye katuni ni rahisi zaidi. Namwamini. Anayebeba kichekesho kizima kwa mwili wake hana mwenzake wa kumpokea akiteleza.

Anafanya nini siku hizi?

Mwaka 2022 alitoa Man vs. Bee kwenye Netflix, vipindi vifupi tisa vya mtu anayepigana na nyuki ndani ya nyumba ya matajiri aliyopewa ailinde. Mwaka 2023 alionekana kama kasisi katika Wonka.

Nataka kutazama kitu kingine zaidi ya Mr. Bean. Nianzie wapi?

Kama Kiingereza chako ni kizuri, anza na msimu wa pili wa Blackadder, uruke ule wa kwanza. Utaurudia baadaye ukishawapenda wahusika. Washa maandishi chini ya picha, kwa sababu maneno yanakwenda kasi na utani mwingi umefichwa katikati ya sentensi. Msimu wa nne utazame kwa mpangilio, kipindi baada ya kipindi, bila kuruka kwenda mwisho. Kama lugha inakupa shida, tafuta maonyesho yake ya jukwaani yaliyorekodiwa, hasa pale anapopiga ngoma zisizoonekana. Jukwaa ni tupu, mikono yake haishiki kitu, na bado utajua ni ngoma ipi imesogea kutoka mahali pake.